Makaa ya Usipa Kwenye Kopo la Hostia

Aibu yangu mnaijua. Hata wasionijua mimi wanaijua, maana imetembea kuliko miguu yangu. Ilishuka mpaka Lundo ziwani kabla mimi sijashuka tena kuchukua mzigo, nikafika nikakuta wachuuzi wenzangu wananisalimia huku wamejiziba midomo kwa kanga. Sikuwahi kuisimulia mwenyewe, nilikuwa nimechoka. Lakini kila mwaka watu wanaiongezea kitu (sasa kuna wanaosema Padre alitapika altareni, uongo mtupu, hakutapika, alikohoa), kwa hiyo naisema leo kama ilivyokuwa, halafu mtu asiniulize tena.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kahawa yetu chama cha ushirika kilichukua na malipo hayaonekani, wanunuzi binafsi nao wakaanza kuingia na magari yao, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na mimi nina mjukuu seminari, Gaudensi, mtoto wa marehemu binti yangu, nimebaki naye tangu ananyonya kidole. Nikaona kahawa peke yake haitamfikisha. Nikaanza kufuata usipa, dagaa wa kwetu, ziwani. Zamani ungeitwa mlanguzi na gunia ungenyang'anywa, lakini sasa hakuna aliyekuuliza, unapanda lori unateremka Lundo, unanunua usipa mkavu, unarudi nao mlimani kwetu Mbuji unauza gulioni. Nilifanya hivyo mpaka magoti yakaanza kulia. Magunia yalikaa chumba cha nyuma, na mnaujua usipa, haukai chumba ulichoupangia. Ulihamia kwenye mablanketi, ukahamia kwenye unga, ukahamia kwenye nywele zangu.

Aliyenisaidia ni Sista Benigna, anayefundisha kemia shule ya wasichana ya misheni. Alikuja kununua usipa, akasimama mlangoni, akarudi nyuma hatua moja (ana adabu, hakuziba pua), akasema, "Bibi, weka tenga la makaa humu ndani. Yaponde kidogo kwanza, yawe vipande vidogo, ndiyo yanashika harufu zaidi."

Nilidhani ananitania. Nikayaponda kwenye kinu kibovu, nikajaza tenga, nikaliweka katikati ya magunia. Jamani, chumba kilitulia. Msimu ule wote nililala kama mtu. Msimu uliofuata harufu ikarudi, tenga lipo palepale, makaa ni yaleyale, mimi nikasema usipa wa siku hizi umekuwa mbaya, wavuvi hawaukaushi vizuri. (Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi sikujiuliza, nilikuwa na mengi.)

Basi, Gaudensi akapadrishwa. Misa yake ya kwanza nyumbani ikapangwa kwenye kigango chetu, Jumapili, na Paroko mwenyewe atakuwepo. Sisi kigangoni hatujawahi kutoa padre. Watu walilima barabara, wakapaka kanisa chokaa, ng'ombe akatafutwa. Hostia, vile vimkate vyembamba vya komunyo, zikaletwa kutoka kwa masista ndani ya kopo kubwa la biskuti, lakini chumba cha sakristia kilikuwa hakina bati, upepo ulikuwa umeling'oa, kwa hiyo lazima kopo likae kwa mtu.

Mama Skolastika, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alilitaka. Ana sakafu ya saruji na kabati la kioo, na kila kitu cha kanisa alikiona ni chake. Lakini Katekista Ndimbo akasema heshima hii ni ya bibi yake padre.

"Kwa Bibi Theodora?" akasema Mama Skolastika. "Kule kwenye usipa?"

Nikamwambia, "Huo usipa ndio umemsomesha padre ambaye Jumapili utapanga foleni kwake."

Nikaondoka na kopo kichwani, shingo imenyooka. Ningemwachia, leo ningekuwa mtu mwenye amani.

Mnajua ukungu wetu wa mlimani. Siku zile haukuondoka, nguo hazikauki, chumvi inatoa maji. Nikafunua kopo kidogo nichungulie, nikaona hostia za juu zimeanza kulegea pembeni. Hostia ikilegea inajikunja, inashikana na mwenzake, padre anavuta moja zinakuja tatu, na padre mwenyewe ni mjukuu wangu, siku yake ya kwanza mbele za watu. Nikakumbuka makaa. Makaa yanavuta unyevu, kwenye sanduku la nguo nilikuwa nimeshayajaribu, yakakausha vizuri.

Sasa sikilizeni. Makaa mapya yalikuwepo. Gunia zima, la kupikia sherehe, limesimama nje limeshonwa mdomo. Nikalitazama. Nikaona nikifumua gunia kwa ajili ya konzi mbili za makaa, wapishi watakuja watasema gunia limepungua, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia makaa yasiguswe mpaka Jumapili. Kisha nikatazama tenga langu la chumba cha nyuma. Makaa ni makaa, nikasema. Nikachota humo.

Wala si kwamba sikuyanusa! Niliyanusa. Asubuhi ya baridi, nikayaleta puani, hayana kitu, yamenyamaza kabisa. Nikayafunga kwenye kitambaa cheupe kipya (kizuri, cha kudarizi, ili iwe heshima), nikainua hostia zikiwa kwenye mifuko yake ya karatasi, nikaweka kile kifungu chini, nikazirudisha juu, nikafunika kwa nguvu. Halafu nikajiambia ukungu huu ni mwingi, yasaidie. Nikachukua kopo nikalipandisha kwenye kichanja juu ya mafiga, pale ninapokaushia mahindi. Jumamosi nzima moto haukuzimika chini yake, tunapikia wageni, wanakuja wanasema hongera, mimi nasema asante, na kila nikipita naligusa kopo naona lina joto zuri, nafurahi.

Jumapili alfajiri nikalibeba mpaka kanisani. Katekista akafungua mifuko, akaanza kujaza siborio, kile kikombe cha komunyo, akaweka na ile hostia kubwa ya padre kwenye sahani yake. Akasimama. Akavuta pua.

"Bibi, mbona kama kuna..."

"Ni mimi hiyo," nikamkata. "Umesahau kazi yangu?"

"Samahani, Bibi."

Na kweli nilidhani ni mimi. Ndiyo ubaya wa kuuza kitu chenye harufu, ukishazoea kuwa wewe ndiye unayenuka, huwezi tena kujua kingine kinachonuka. Tena asubuhi ilikuwa baridi, harufu yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubahatisha.

Misa ikaanza. Siwezi kuwasimulia nilivyojisikia kumwona Gaudensi na kanzu yake nyeupe, sauti inatetemeka mwanzoni, mikono anaificha. Mimi nilikaa benchi la mbele, miguu imevimba kwa kusimama jikoni, nikasema Mungu wangu, hata ukinichukua leo mimi nimemaliza.

Ikafika komunyo. Padre kwanza. Akaweka hostia yake mdomoni, akafumba macho. Akakaa hivyo. Akakaa. Mabega yakapanda. Akakohoa mara moja, akaweka ngumi mdomoni, akazidi kufumba macho.

Mwanamke aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Ana ibada huyu mtoto, ona anavyozama."

Na mimi nikajaa majivuno, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, amezama.

Bibi wa padre ndiye aliyetangulia kwenye mstari. Gaudensi akasimama mbele yangu, macho mekundu. "Mwili wa Kristo." "Amina." Akaniwekea ulimini.

Jamani. Kitu kilichokuwa kimenyamaza kwenye baridi, kikifika mahali penye joto na mate, kinaamka. Ziwa lote la Nyasa lilinijia mdomoni. Lundo yote, na chanja za kukaushia, na mchanga, na nyavu. Nikamtazama Gaudensi, Gaudensi akanitazama. Nikameza, nikageuka nikarudi kwenye benchi nimefunika uso kwa viganja, watu wakadhani na mimi nimezama.

Kisha nikawa nasikiliza nyuma yangu. Amina, halafu kimya, halafu mguno. Amina, mguno. Kwaya walipokea baada yangu, wakaanza wimbo wa shukrani, sauti ya kwanza ikapanda vizuri, sauti ya pili haikuja kabisa. Watu wanarudi kwenye mabenchi wameziba midomo, wameinamisha vichwa, haijawahi kuonekana heshima ya namna ile kigangoni kwetu. Na labda ingepita hivyohivyo kimyakimya, kila mtu akadhani ni ulimi wake, kama si Mzee Hyera. Mzee Hyera haisikii hata ngoma, kwa hiyo akinong'ona, wa barabarani wanamsikia. Akapokea, akatafuna, akamgeukia mwenzake akamnong'oneza:

"Eh! Leo wametupa na kitoweo!"

Kanisa lilipasuka. Si kwamba walikuwa waovu, walikuwa wameshikilia tu, sasa kamba ikakatika. Wakacheka mpaka watoto wakaanza kulia. Gaudensi aligeuka kuikabili altare, mgongo unatikisika. Mimi niliangalia sakafu. Niliijua sakafu ile nyufa zake zote siku hiyo.

Tulipotoka nje, Paroko hakuwa anacheka. Wala Mama Skolastika. Alikuwa ameshamfikia Paroko kabla mimi sijashuka ngazi.

"Nilisema mimi," anasema, kwa sauti ya kusikika. "Kopo la kanisa limewekewa samaki. Limefanywa la kupimia usipa, halafu likarudishiwa hostia!"

Paroko akanitazama. "Bibi, ni kweli?"

"Si kweli."

"Maana kama chombo hiki kimetumika kwa biashara, hilo si la kucheka. Itabidi nilipeleke juu. Na litamfuata Padre Gaudensi popote atakapopangiwa, watu watasema nyumba aliyotoka haina heshima kwa vitu vitakatifu."

Mimi kuchekwa nilishazoea, nachekwa kila gulio. Lakini mtoto ana siku moja tu upadreni, na jina lake linaburutwa uani na Mama Skolastika.

Nikasema, "Paroko, mimi nimesoma darasa la nne, lakini sina kichaa. Sijaweka usipa kwenye kopo la Mungu. Hata mmoja."

"Basi umeingiaje?" akauliza Mama Skolastika. "Umeogelea?"

Watu wakacheka tena. Ningesema nini? Usipa sijauweka na usipa upo.

Ndipo Sista Benigna akatoka mlangoni amebeba kopo. Alikuwa ameenda kuangalia mwenyewe. Mkononi ana kile kifungu changu cha kitambaa cha kudarizi.

"Bibi, haya makaa umeyatoa wapi?"

"Tengani."

"Tenga lipi?"

"Lile ulilonifundisha wewe. La chumba cha usipa."

Sista akakaa kwenye ngazi ya kanisa, na kanzu yake nyeupe, akafunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini si kwa ubaya.

"Na kopo ulikuwa umeliweka wapi?"

"Kichanjani juu ya moto. Lipate joto."

"Ee Bwana," akasema. Akasimama, akampelekea Paroko kile kifungu. "Nusa, Baba."

Paroko akanusa. "Hamna kitu."

"Njoo."

Akaelekea jikoni kwenye turubai, palipokuwa na wali wa sherehe, sisi wote nyuma yake kama maandamano. Akachukua kikaango kidogo, akamwaga makaa yangu ndani, akakiweka juu ya jiko lenye moto. Tukangoja. Haikuchukua muda. Kwanza mpishi mmoja akageuka. Halafu Paroko akarudi nyuma. Halafu harufu ikasimama pale katikati yetu kama mtu, na wapishi wakaanza kupiga kelele, "Sista, ondoa! Ondoa, wali utaharibika! Utakula wewe!"

Sista hakuondoa. Ni mwalimu, akishaanza haachi.

"Makaa hayamezi harufu," akasema. "Mnaona mlima wetu ulivyojaa ngoro zetu za kulimia, mashimo kwa mashimo? Mlima huo ukiunyoosha ukawa tambarare, ungefika wapi? Ndani ya kaa dogo kuna vishimo hivyohivyo, vidogo kuliko jicho linavyoona, kuta juu ya kuta. Harufu ikipita inajibandika kwenye kuta hizo. Haiingii ndani ya mwili wa kaa, inakaa juu juu tu, kama vumbi kwenye jani. Kuta zikishajaa, kaa halipokei tena. Na ukilipasha moto, iliyojibandika inabanduka, inatoka kutafuta mahali pengine."

"Ikaenda kwenye hostia," akasema Paroko polepole.

"Hostia ni kavu na nyepesi, nayo ina vishimo vyake. Ilipokea."

Nikakumbuka msimu ule wa pili, harufu iliporudi chumbani na mimi nikawalaumu wavuvi. Tenga lilikuwa limeshajaa. Nililala na tenga lililojaa, likaniangalia tu.

Mama Skolastika hakutaka kuachia. "Kwa hiyo si kufuru," akasema, "ni ubahili. Gunia zima la makaa mapya lilikuwa nje."

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni ubahili."

Sijui kwa nini, lakini niliposema hivyo alikosa la kuongeza. Labda hakuwa amezoea kuona ninakubali. Paroko akafuta macho (moshi, alisema), akasema mbele ya wote kwamba kopo halikuchezewa na jambo limeisha, hakuna wa kupelekewa taarifa. Lakini nilimwona bado amekunja uso, na watu bado wamesimama hawajui kama wanaruhusiwa kucheka au bado. Ndipo Gaudensi akaja, ameshavua kanzu ya misa, akasimama kando yangu, akanishika bega.

"Ndugu zangu," akasema, "imeandikwa Bwana aliwalisha watu mikate na samaki. Nyie mngependa mpewe nusu? Bibi yangu hapendi kupunja mteja."

Basi, ikawa imekwisha. Paroko mwenyewe alicheka mpaka akashika kiti asianguke. Wali ulikuwa na harufu kidogo, waliula wote.

Jioni wageni walipoanza kupungua nilikuwa nimekaa uani nasugua magoti. Gaudensi akaleta sahani yake akakaa chini kwenye mkeka, kama zamani.

Nikamwambia, "Nimekuharibia siku."

Akatafuna kwanza. "Bibi, unajua seminari kila nikitoka likizo, bweni zima walijua nimefika kabla sijafungua sanduku? Mashati, blanketi, hata rozari. Mwaka wa kwanza walinicheka mpaka nikataka kurudi nyumbani."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia uache kuuza nini? Mwaka wa pili wakawa wananiuliza kama nimewaletea." Akafuta vidole. "Leo pale mbele nilikuwa naogopa sana. Maneno yalikuwa yananikimbia. Nikaweka hostia mdomoni, nikasema, aa, kumbe niko nyumbani."

Sikutaka kulia mbele ya Mama Skolastika aliyekuwa anakusanya vyombo vyake hapo karibu, anavihesabu kana kwamba tungekula hata sahani. Nikasema, "Usinihubirie. Kula, wali unapoa."

Akala.

Sista alinifundisha baadaye kwamba makaa yaliyojaa hayatupwi. Unayarudisha kwenye moto mkali mpaka yawe mekundu, yanamwaga yote, yanakuwa matupu, yanaanza upya. Nafanya hivyo kila mwanzo wa msimu, nje, mbali, upande ambao upepo hauendi kwa watu. Na nimeapa, kitu chochote ninachompa mtu mwingine, nakipasha moto kwanza ndipo nakinusa. Kukinusa kikiwa baridi ni kujidanganya.

Pasaka iliyofuata Katekista alikuja tena na kopo, akasema Bibi, tunakuamini, tafadhali lichukue. Nilimpa kiti, nikampa uji, nikamwambia alipeleke kwa Mama Skolastika, ana sakafu ya saruji na kabati la kioo. Liko huko mpaka leo. Nasikia ndani ya kabati anahifadhi na sabuni za kunukia. Sikusema kitu. Nimechoka, na mwenye kemia kigangoni ni Sista, si mimi.